Pesa za kampeni Kenya: kwa nini sheria ya mwaka 2013 haijawahi kung'ata

Wakenya watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Nchi hiyo ina sheria inayomtaka kila mgombea aeleze fedha zake za kampeni zimetoka wapi na zimetumika vipi. Hata hivyo, ukomo wa matumizi unaotajwa na sheria hiyo haujafanya kazi katika uchaguzi mkuu wowote tangu ilipotungwa. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, ilikwama wapi, Tanzania ilipita njia gani, na kwa nini jambo hili linamhusu hata msikilizaji aliye upande huu wa mpaka.

Wasikilizaji wetu wa Busia na Malaba huutambua msimu wa uchaguzi wa Kenya kabla taarifa ya habari haijasomwa. Magari yenye vipaza sauti hupita upande wa pili kuanzia asubuhi, helikopta huonekana angani, na fulana na kofia zenye sura za wagombea huzagaa sokoni. Watu huulizana kwa sauti ya chini: fedha hizi zimetoka wapi, na ni nani atakayezirudisha?

Swali hilo ni la haki. Mgombea aliyetumia mali nyingi kupita mshahara atakaoupata kwa miaka mitano, ama ni tajiri wa ajabu anayeitoa mali yake kama sadaka, ama ana wadai wanaomsubiri mlangoni. Wadai hao hawajipangi foleni kama wananchi wengine. Wao hulipwa kwa zabuni, kwa vibali, kwa ardhi na kwa vyeo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wanaokumbuka miezi ya mwanzo ya mwaka 2008 hawahitaji kuelezwa mengi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilifunga barabara, reli iking'olewa mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na mafuta yanayopita Kenya kuja Uganda yakaadimika. Bei ya petroli ilipanda hapa kwetu, nauli zikapanda, na bidhaa za dukani zikafuata.

Chanzo cha ghasia zile kilikuwa matokeo yaliyogombewa, wala si gharama za kampeni. Lakini zilitufundisha kwamba sheria za uchaguzi za jirani zisipotekelezwa, hasara haikomi kwenye kizuizi cha forodha. Aidha, wengi wa wasikilizaji wetu wana ndugu wanaopiga kura Kenya na Tanzania. Wanapopiga simu nyumbani wakati wa kampeni huambiwa habari za unga uliogawiwa, khanga zilizotolewa, na ahadi ya "kitu kidogo" siku ya mkutano. Ni vyema wajue sheria inasema nini juu ya mambo hayo.

Noti iliyopewa jina la mwanasiasa

Wakenya wana kumbukumbu ya zamani kidogo inayoeleza hatari ya fedha zisizojulikana asili yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, kundi la vijana lililojulikana kama Youth for KANU '92 lilizunguka nchini likimfanyia kampeni Rais Daniel arap Moi. Kundi hilo liligawa fedha kwa wingi kiasi kwamba wananchi waliibandika noti ya shilingi 500 jina la kiongozi wake wa wakati ule, Cyrus Jirongo. Noti ikaitwa "Jirongo".

Kipindi hichohicho ndicho cha kashfa ya Goldenberg, ambamo Hazina ya Kenya ililipa fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwahi kufanyika. Kashfa hiyo ilichunguzwa baadaye na tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire. Mwaka 1993, uchaguzi ukiwa umekwisha, mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika takriban asilimia 46. Wachumi wengi wanauhusisha mfumuko huo na wingi wa fedha uliomwagwa katika msimu ule.

Ukitafakari, hesabu yake ni chungu. Mtu aliyepewa noti ya shilingi 500 mwezi Desemba aliirudisha polepole mwaka uliofuata kila aliponunua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Na jirani yake ambaye hakupewa chochote alilipa vilevile. Wahenga walisema mla cha mwenzake na chake huliwa. Hapa aliliwa hata yule ambaye hakula.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 88, iliipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, inayofahamika kwa kifupi IEBC, mamlaka ya kusimamia kiasi cha fedha kinachoweza kutumiwa na mgombea au chama, au kwa niaba yao, katika uchaguzi wowote. Ili kutekeleza agizo hilo, Bunge lilitunga Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013.

Sheria hiyo inaufuata mkondo wa fedha tangu mtoaji hadi mtumiaji. Mambo yake makuu ni haya:

Kwanza, fedha zote za kampeni zipitie katika akaunti maalumu ya benki, chini ya watu waliotajwa kwa Tume. Mgombea hapaswi kuchanganya fedha za kampeni na zile za mfukoni mwake.

Pili, mchango kutoka chanzo kimoja usizidi asilimia 20 ya michango yote aliyopokea mgombea au chama. Shabaha yake ni kumzuia tajiri mmoja asimnunue kiongozi mzima mzima.

Tatu, michango isiyojulikana mtoaji wake hairuhusiwi, na ni marufuku kuchota fedha au rasilimali za serikali kwa ajili ya kampeni.

Nne, Tume itangaze ukomo wa matumizi kwa kila nafasi angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu.

Tano, baada ya uchaguzi mgombea na chama watoe hesabu ya matumizi yao.

Pembeni ya sheria hiyo zipo nyingine zinazoisaidia. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa hongo kwa mpiga kura, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 2 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 ilianzisha Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao unapaswa kupata si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ili vyama visitegemee matajiri pekee. Vyama vimelalamika mara nyingi kwamba Hazina haitoi kiasi hicho kwa ukamilifu.

Kwa maandishi, basi, Kenya haikupungukiwa na sheria. Kilichopungua ni utekelezaji.

Safari isiyofika

Mwezi Agosti 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ilitangaza ukomo wa matumizi kwa mara ya kwanza. Mgombea urais aliruhusiwa kutumia hadi shilingi bilioni 5.2 na chama hadi shilingi bilioni 15. Lakini kabla ya kampeni kupamba moto, Bunge liliiahirisha sheria hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Uchaguzi huo ukapita bila mipaka ya fedha.

Tume ilijaribu tena. Tarehe 9 Agosti 2021, miezi 12 kamili kabla ya uchaguzi wa 2022, ilichapisha viwango vipya: takriban shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais na shilingi bilioni 17.7 kwa chama. Safari hii Bunge la Taifa lilizikataa kanuni hizo kwa hoja za utaratibu na muda, likisema hazikuwasilishwa kama sheria inavyotaka. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ukafanyika bila ukomo wowote.

Msomaji atauliza kama viwango hivyo vilikuwa vidogo mno. Tuchukue hesabu nyepesi. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa wapatao milioni 22.1. Ukigawa shilingi bilioni 4.4 kwa idadi hiyo, unapata takriban shilingi 200 za Kenya kwa kila mpiga kura, na hiyo ni kwa mgombea mmoja wa nafasi moja tu. Mkenya hupewa karatasi sita siku ya kura: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Zipo kaunti 47, majimbo ya ubunge 290 na wadi 1,450, na kila kiti kina wagombea kadhaa. Viwango vile, kwa hiyo, vilikuwa vipana.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa mageuzi haya popote pale duniani. Wanaotakiwa kuipa sheria nguvu ndio watakaobanwa nayo. Mbunge aliyeshinda kwa mtindo wa zamani hana haraka ya kuubadilisha, na Tume isiyo na kanuni zilizokubaliwa na Bunge hubaki na karatasi mkononi.

Takrima: funzo la Tanzania

Wanaotusikiliza kutoka Mutukula na ng'ambo ya Kagera wanalijua neno takrima. Katika chumba chetu cha habari neno hili hutupa taabu kila tunapolifasiri, kwa kuwa lugha nyingine hulipunguza uzito. Kwa Mswahili, kumkirimu mgeni ni wajibu, na nyumba isiyotoa hata maji ya kunywa husemwa. Takrima ni heshima, na mwenye kuikataa huonekana ana kiburi.

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilifanyiwa marekebisho na heshima hiyo ikaingizwa humo. Ilielezwa kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila kwa wananchi wa jimboni, lisihesabiwe kuwa rushwa. Kifungu hicho kilifungua mlango mpana. Mpaka kati ya sahani ya pilau na bahasha ya noti ukawa mgumu kuuona, na mgombea maskini akajikuta anashindana na jiko la mwenzake badala ya hoja zake.

Mashirika matatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, yalifungua kesi. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vya takrima vilikwenda kinyume cha Katiba. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa usawa: sheria iliyoruhusu takrima ilimbagua mgombea asiye na mali, na ikamnyima mpiga kura uhuru wa kuchagua bila kushawishiwa kwa tumbo.

Baada ya hukumu hiyo ilikuja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, aliyoitia saini Rais Jakaya Kikwete mwezi Machi mwaka huo. Sheria hiyo iliweka ukomo wa gharama, ikataka vyanzo vya fedha vielezwe, na ikamkabidhi Msajili wa Vyama vya Siasa usimamizi wake. Jambo moja ndani yake linafaa kuigwa: inagusa pia mchujo ndani ya vyama. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, uchaguzi wa kweli mara nyingi humalizika kwenye kura za maoni, na fedha humwagwa huko kabla kampeni za hadhara hazijaanza.

Tofauti ya nchi hizi mbili inaonekana hapa. Tanzania ilianza na mahakama kuondoa kichaka ambamo rushwa ilijificha, kisha sheria ikafuata na kuanza kutumika. Kenya ilianza na sheria nzuri kwenye karatasi, kisha ikaiweka kabatini. Hata hivyo, Tanzania nayo haijafika mwisho wa safari. Msajili wa Vyama huteuliwa na Rais, ambaye kwa kawaida ndiye mwenyekiti wa chama tawala, na vyama vya upinzani vimehoji mara kwa mara kama mwamuzi wa namna hiyo anaweza kupuliza filimbi pande zote mbili.

Nani ashike fimbo?

Kukamata kosa la fedha wakati wa uchaguzi kunahitaji ofisi kadhaa kushirikiana. Nchini Kenya, Tume ya uchaguzi inasimamia maadili ya kampeni. Msajili wa Vyama vya Siasa anasimamia vyama. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inachunguza rushwa. Polisi wanakusanya ushahidi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeamua nani afikishwe mahakamani. Ofisi zikiwa nyingi kiasi hicho, ni rahisi kila moja kuinyooshea kidole mwenzake, na kampeni hazingoji.

Tatizo jingine ni kwamba Tume yenyewe ilibaki bila makamishna kwa zaidi ya miaka miwili. Mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023, na makamishna wengine wanne walikuwa wamejiuzulu au kuondolewa kufuatia mgawanyiko uliotokea wakati wa kutangaza matokeo ya urais ya 2022. Mazungumzo ya kitaifa kati ya serikali na upinzani yalizaa marekebisho ya sheria ya Tume mwaka 2024, na makamishna wapya wakiongozwa na Erastus Edung Ethekon waliapishwa Julai 2025. Kwa hiyo maandalizi ambayo yangechukua miaka mitano yamebanwa ndani ya miaka miwili.

Ipo pia njia ya kesi ya kupinga matokeo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa useneta wa kaunti ya Bungoma baada ya kuridhika kwamba wapiga kura walihongwa. Mahakama za juu hazikuutengua ubatilishaji huo. Lakini uchaguzi mdogo ulipofanyika Desemba mwaka huohuo, aliyevuliwa kiti alisimama tena na kushinda tena.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza, mahakama inaweza kubatilisha ushindi, lakini kubatilisha ushindi ni jambo moja na kumtia mtu hatiani kwa kosa la jinai ni jambo jingine. Pasipo hukumu ya jinai, mlango wa kugombea tena hubaki wazi. La pili, ushahidi wa hongo ni mgumu. Mahakama za Kenya zinataka madai ya aina hiyo yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana, wakati aliyepokea na aliyetoa wote wana sababu ya kunyamaza. Anayepinga matokeo ana siku 28 tu za kufungua kesi yake.

Harambee na hofu ya mkono mtupu

Haiwezekani kuzungumzia fedha za siasa Kenya bila kuitaja harambee. Desturi hii ya kuchangishana ilijenga shule, zahanati na mabomba ya maji katika miaka ya kwanza ya uhuru. Lakini polepole mwanasiasa akageuka mgeni rasmi wa kila mchango, na ukubwa wa bahasha yake ukawa ndiyo kipimo cha uongozi wake.

Sheria ya Uchaguzi ya Kenya inamzuia anayetaka kugombea kushiriki katika harambee ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawataruhusiwa kushiriki katika harambee. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ambayo Rais huyo alikuwa ameitoa katika kanisa moja la jiji hilo, likieleza kwamba kanisa halipaswi kutumiwa kujinufaisha kisiasa. Tukio hilo lilizungumzwa sana, kwa sababu halikuzoeleka: aliyepewa ndiye aliyekataa.

Hata hivyo, tusimlaumu mwanasiasa peke yake. Wabunge wengi wa ukanda wetu hueleza kwamba simu zao hazinyamazi: ada ya shule, matanga, bili ya hospitali, mchango wa harusi. Mkono mtupu haulambwi, na mbunge asiyetoa huitwa bahili hata kama anahudhuria kila kikao cha Bunge. Pale ambapo serikali haifikishi dawa na karo, raia huidai kutoka kwa mtu aliye karibu, na mtu huyo huenda kuitafuta anakojua mwenyewe. Sheria ya fedha za kampeni haiwezi kutibu umaskini huo, ingawa inaweza kumzuia mtu asiutumie kama mtaji.

Hoja za wanaopinga

Si kila anayeipinga sheria hii ana jambo la kuficha. Zipo hoja tatu zinazostahili kusikilizwa.

Ya kwanza, ukomo mdogo mno humsaidia aliye madarakani. Yeye anajulikana tayari, ana gari la serikali na sura yake huonekana kwenye runinga kila jioni. Mpinzani mgeni anahitaji fedha ili ajulikane tu.

Ya pili, kumtaja hadharani kila mchangiaji kunaweza kumhatarisha. Mfanyabiashara aliyeusaidia upinzani anaweza kukuta leseni yake imecheleweshwa au maafisa wa kodi wamepiga hodi. Pengine jawabu ni kutofautisha: mchango mdogo wa mwananchi wa kawaida ubaki siri ya Tume, na mchango mkubwa uwekwe wazi kwa wote.

Ya tatu, kampeni za ukanda wetu huendeshwa kwa fedha taslimu na kwa simu. Akaunti ya benki haiwezi kuona noti zinazogawiwa usiku wa kuamkia kura, wala fedha zinazotumwa kwa simu kwa mamia ya mawakala kwa viwango vidogovidogo. Hili ni kweli. Lakini miamala ya simu huacha nyayo ambazo noti haiachi, na ofisi yenye mamlaka ya kisheria na wataalamu wa kutosha inaweza kuzifuata.

Mageuzi yangeanzia wapi?

Kutokana na yaliyotokea mwaka 2016 na 2021, hatua chache zinajitokeza zenyewe.

Ukomo ungeweza kuandikwa ndani ya sheria kwa kanuni ya hesabu, kwa mfano kiasi fulani kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa, na kupanda kulingana na mfumuko wa bei. Hivyo Tume isingelazimika kuomba upya ridhaa ya Bunge kila baada ya miaka mitano, na Bunge lisingekuwa na nafasi ya kusema muda umepita.

Matumizi ya marafiki wa mgombea nayo yahesabiwe. Ukimbana mgombea na ukawaacha jamaa zake huru, fedha zitabadilisha mfuko tu.

Adhabu nayo ilingane na tamaa. Faini ya shilingi milioni 2 haimtishi mtu aliyetumia makumi ya mamilioni kutafuta kiti. Kinachomtisha ni kukipoteza kiti chenyewe na kuzuiwa kugombea tena.

Mwisho, anayetoa taarifa alindwe. Wakala aliyeshuhudia mgawo wa fedha hatasema lolote ikiwa anajua kesho atalala kijiji kimoja na aliyegawa.

Kuna tarehe ya kuangaliwa. Ikiwa sheria inataka ukomo utangazwe miezi 12 kabla ya uchaguzi, basi kwa kura ya 10 Agosti 2027 mwisho wake ni Agosti 2026. Mara mbili zilizopita Tume ilitangaza na Bunge likazima. Atakayetaka kujua kama Kenya imebadilika asingoje siku ya kura. Aangalie kilichofanyika kuhusu tarehe hiyo.

Na hapa kwetu?

Uganda haina ukomo wa matumizi ya kampeni kwa wagombea. Hata hivyo Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge inakataza hongo, na inamzuia mgombea au wakala wake kuchangisha fedha au kutoa michango katika kipindi cha kampeni. Mahakama zetu zimewahi kubatilisha ushindi wa wabunge kwa hongo, na zimeshikilia kwamba tendo moja likithibitishwa linatosha, mradi lilifanywa na mgombea mwenyewe au kwa ujuzi na ridhaa yake. Kwa hiyo tunapoutazama uwanja wa jirani, tunatazama pia ua wetu.

Kwa ndugu zetu walioandikishwa kupiga kura upande wa pili wa mpaka, jambo moja lifahamike wazi. Sheria ya Kenya inamhesabu mpokeaji wa hongo kuwa mkosaji pamoja na mtoaji. Lakini kura ni ya siri, na aliyepewa kitu hafungwi na ahadi yoyote mbele ya sanduku. Atakapokuwa peke yake na karatasi zake sita, hakuna mwenye bahasha atakayemwona, na anaweza kuchagua kana kwamba hakuwahi kupewa kitu.